Thornfield Hall: ghorofa, milango na funguo za jumba la Jane Eyre

Bertha Mason, mke mwendawazimu ambaye Rochester, mwenye jumba la Thornfield katika riwaya ya Jane Eyre, anamficha humo, hakufungiwa darini. Picha ya "mwendawazimu wa darini" imeenea mno, hasa tangu wahakiki wawili wa Marekani, Sandra Gilbert na Susan Gubar, walipoifanya jina la kitabu chao mwaka 1979, na wengi wanaianza riwaya ya Charlotte Brontë wakiwa tayari wanamtafuta chini ya mapaa. Maandishi yenyewe yanamweka ghorofa ya juu, chini ya dari, katika chumba cha ndani kisicho na dirisha. Nani alimsikia, nani hakumsikia, na moto ulishukaje hadi ukamaliza jumba zima, yote yanategemea mahali hapo alipowekwa.

Jane Eyre ilichapwa London na Smith, Elder & Co. mnamo Oktoba 1847, mwandishi akijificha nyuma ya jina Currer Bell. Ilitoka juzuu tatu: ya kwanza sura 15, ya pili 11, ya tatu 12. Matoleo mengi ya leo yanahesabu mfululizo, sura 1 hadi 38, na namba ninazotumia hapa ni hizo za mfululizo. Ukiwa na toleo linaloanza kuhesabu upya kila juzuu, toa 15 kwa sura za juzuu ya pili na 26 kwa za tatu.

Chukua karatasi uchore. Thornfield ina ghorofa ya chini, ya kwanza na ya pili. Waingereza wa kitabuni huanzia chini kuhesabu, kwa hiyo "ya tatu" yao ndiyo ya pili yetu. Juu ya hizo kuna dari, na juu ya dari paa la kutembelea, lililofunikwa kwa mabati ya risasi na kuzungushiwa ukuta wa meno-meno kama wa ngome. Brontë anasema wazi kwamba si kasri la mwinyi mkubwa wa cheo. Ni nyumba ya bwana shamba mwenye nafasi, kubwa lakini si ya kutisha kwa ukubwa, uso wake wa kijivu, nyuma yake miti yenye viota vya kunguru. Ng'ambo ya uwanja imejipanga miti ya miiba mikongwe, minene kama mialoni, ambayo ndiyo asili ya jina la jumba. Kanisa liko nje kidogo ya lango. Kijiji cha Hay kiko maili 2, na mji wa Millcote maili 6. Hizo maili 6 ziandike pembeni mwa karatasi, tutazihitaji usiku wa moto.

Ghorofa ya chini isikuchukulie muda. Kuna ukumbi wa kuingilia wenye taa ya shaba na saa kubwa ya mti wa mwaloni, chumba cha kulia chenye viti na mapazia ya zambarau, sebule ya mazulia meupe yenye maua na makochi mekundu, maktaba ambamo Adèle, mtoto anayelelewa na Rochester, anasomeshwa na Jane, msimulizi wa riwaya, na kachumba cha Bi Fairfax, msimamizi wa nyumba. Kutoka hapo ngazi pana ya mwaloni inapanda hadi ujia wa vyumba vya kulala kwenye ghorofa ya kwanza. Hapo analala Rochester, hapo yuko Adèle na yaya wake, na hapo Jane amepewa chumba kidogo jirani na cha Bi Fairfax. Bi Fairfax anamweleza kwamba amemchagulia hicho badala ya vyumba vikubwa vya mbele akidhani atakipenda zaidi. Weka alama kwenye chumba hicho. Mwishoni mwa ujia huo iko ngazi ya kwenda juu.

Ghorofa ya pili ndiyo jumba lenyewe, kwa maana ya riwaya. Samani zilizopitwa na mitindo huko chini zimepandishwa huku kizazi baada ya kizazi: vitanda vya miaka mia, makasha ya mwaloni, viti vya migongo mirefu, mapazia mazito ya ukutani yaliyofumwa picha. Katikati unapita ujia mwembamba, mfupi wa kimo, unaopata mwanga kwa kidirisha kimoja tu mwishoni, ukitenganisha vyumba vya mbele na vya nyuma, na milango midogo myeusi imejipanga kulia na kushoto, yote imefungwa. Bi Fairfax anasema hakuna anayelala huku, na kwamba kama Thornfield ingekuwa na mzuka, basi huku ndiko ungekaa. Dakika chache baadaye, katika sura hiyohiyo ya 11, Jane anashuka kutoka paani, anasimama katika ujia huo na kusikia kicheko. Mlango ulio karibu naye unafunguka, anatoka Grace Poole, mwanamke wa makamo mwenye uso wa kawaida kabisa. Bi Fairfax anamkaripia kwa kelele na kumkumbusha maagizo.

Hapo Brontë ametega mtego mzuri kuliko mizuka yote ya riwaya za kutisha zilizomtangulia. Sauti imesikika, na mara hiyohiyo imepewa mwenyewe, mtu wa nyama na damu anayelipwa mshahara. Msomaji hana haja ya kuuliza tena. Katika sura ya 12 Jane, akichoshwa na utulivu wa maisha yake, ana desturi ya kwenda na kurudi katika ujia huohuo wa juu ili apate kuwaza. Yaani kwa miezi anapita mbele ya mlango wa mke wa Rochester kama mtu anayenyoosha miguu.

Sasa chumba chenyewe, maana hapa ndipo michoro mingi hukosea kwa kuweka mlango mmoja. Iko milango miwili. Wa kwanza ni mmojawapo wa ile midogo myeusi ya ujiani, na Rochester anaufungua kwa ufunguo wake mkuu. Unaingia chumba cha nje: kitanda kikubwa, kuta zilizofunikwa na mapazia ya picha, na kabati ambalo milango yake imegawanywa paneli 12, kila moja na kichwa cha mtume, na juu yake msalaba wenye umbo la Yesu. Mlango wa pili umefichwa nyuma ya pazia la ukutani. Mpaka uliinue hilo pazia huuoni. Nyuma yake ndipo kilipo chumba cha ndani, kisicho na dirisha, chenye moto uliozungushiwa kizuizi kirefu cha chuma na taa inayoning'inia kwa mnyororo kutoka darini.

Kukosa dirisha hakukuwekwa kwa ajili ya kutisha tu. Dirisha lingeonyesha mwanga usiku, na mtu aliye uani angeweza kulinganisha madirisha ya nje na milango ya ndani akagundua kwamba hesabu haikubaliani. Chumba kilichomezwa na chumba kingine hakionekani kutoka upande wowote. Kizuizi cha moto na taa iliyoning'inizwa mbali na mikono vina sababu yake pia: aliyepanga chumba hicho alijua tangu mwanzo kwamba hatari iliyomo humo ni moto.

Kiko juu ya nani? Sura ya 20 inajibu. Usiku ambao Richard Mason anashambuliwa na dada yake, Bertha, Jane anasikia purukushani juu ya dari ya chumba chake yeye. Kwa hiyo chora vyumba hivyo viwili kimoja juu ya kingine. Jane amelala chini ya siri hiyo tangu usiku wake wa kwanza, na usiku wa maangamizi Bertha, akishuka, anaelekea chumba hicho.

Siri ilitunzwa miaka 10. Namna ilivyotunzwa ni ya kawaida, na hapo ndipo ustadi ulipo. Waliokabidhiwa siri na Rochester ni wawili tu: Grace Poole, aliyeajiriwa kutoka Grimsby Retreat, nyumba ya kutunzia wendawazimu, na Carter, tabibu. Bi Fairfax huenda anashuku, ila hana uhakika wa lolote. Grace hushuka jikoni, hula chakula chake, huvuta kiko, kisha hupanda na bia yake nyeusi. Katika saa 24 hukaa na wenzake saa moja tu. Watumishi wanajua mshahara wake ni mkubwa kuliko wao, kwani Leah anasema wake haufiki hata moja ya tano ya ule, na kila robo mwaka Grace huenda benki ya Millcote kuweka akiba. Nyumba nzima inajua kuna jambo. Wanaonyamazishwa ni wageni na mwalimu wa mtoto, na Rochester anatoa sababu yake mwenyewe katika sura ya 27: Adèle asingepata mwalimu wa kukaa.

Mpango huu una tundu moja, nalo ni kwamba lindo zima limewekwa juu ya mtu mmoja, usiku na mchana, bila zamu. Grace ana chupa yake ya gini. Akilala fofofo, funguo ziko mfukoni mwake, na Bertha anajua. Rochester mwenyewe anahesabu makosa yaliyotokea: mara moja Bertha alificha kisu, ndicho alichomchomea kaka yake, na mara mbili alipata ufunguo akatoka usiku. Mara ya kwanza ni sura ya 15, alipowasha mapazia ya kitanda cha Rochester. Mara ya pili ni sura ya 25, alipoingia chumbani kwa Jane, aliyekuwa karibu kuolewa na Rochester, akararua shela ya harusi vipande viwili na kuikanyaga.

Sura ya 15 inastahili kusomwa polepole na penseli mkononi. Jane anasikia vidole vikipapasa mlango wake, kisha kicheko kwenye tundu la ufunguo, kisha hatua zikirudi kuelekea ngazi ya juu. Brontë anapenyeza sentensi ambayo wengi huiruka: ngazi hiyo ilikuwa imewekewa mlango hivi karibuni, na Jane anausikia ukifunguka na kufungwa. Kwa nini nyumba ya kale iongezewe mlango kwenye ngazi sasa? Seremala haitwi bure. Mtu alikuwa ameona kwamba milango miwili ya juu haitoshi, akaongeza wa tatu, na huo wa tatu nao haukusaidia kitu, kwa sababu anayepita ana funguo.

Jane anafungua mlango wake na kukuta mshumaa unawaka, umeachwa juu ya mkeka wa ujiani. Moshi unatoka chumba cha Rochester. Anachofanya ni kazi ya zimamoto halisi: beseni moja pana na jagi moja refu, vyote vimejaa maji ya kunawia, anavimwaga juu ya kitanda na mwenye kitanda, anakimbilia chumbani kwake kuchukua jagi lake, anamwaga tena. Inatosha, kwa sababu moto bado uko kwenye kitambaa tu, haujashika mbao. Asubuhi watumishi wanaambiwa bwana alisinzia mshumaa ukiwaka, na Grace Poole ameketi chumbani akishona pete kwenye mapazia mapya. Anamshauri Jane awe anatia komeo mlangoni kila usiku. Jane anauona ushauri huo kuwa unafiki wa mhalifu, ilhali ni maneno ya kweli kuliko yote yanayosemwa ndani ya jumba hilo.

Wasomaji wengi huuliza kwa nini Rochester hakumtaliki mkewe. Ndoa ilifungwa Spanish Town, Jamaica, tarehe 20 Oktoba, miaka 15 kabla ya siku ile mwanasheria Briggs anapoisimamisha harusi ya pili kanisani. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, kuivunja ndoa kabisa kulihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa kila kesi. Mahakama ya talaka ilikuja kwa sheria ya 1857, na wazimu usiopona haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka huko mpaka sheria ya 1937. Kwa hiyo hakuwa na mlango wa kutokea.

Na jumba lenyewe lina hatia katika ndoa hiyo. Baba yake Rochester hakutaka shamba ligawanywe, akalirithisha zima kwa mwana mkubwa, Rowland. Edward, yaani Rochester wetu, asiachwe maskini, akatafutiwa mke wa pauni 30,000, binti wa mfanyabiashara mwenye mashamba huko Jamaica, kisiwa ambacho utajiri wa mashamba yake ulitoka kwenye jasho la watumwa. Rowland akafa, Edward akarithi Thornfield pamoja na mke huyo. Shamba halikukatwa hata pande moja, na mwishowe aliyeletwa ili lisikatwe ndiye aliyelichoma.

Moto wenyewe Jane hauoni, maana alikwisha kuitoroka Thornfield baada ya harusi kusimamishwa. Anausikia katika sura ya 36, baada ya safari ya gari ya saa 36, kwa mwenye nyumba ya wageni iitwayo Rochester Arms, ambaye zamani alikuwa mtumishi mkuu wa jumba hilo. Fuata mchoro wako. Bertha anaanza na mapazia ya chumba kilicho jirani na chake. Kisha anashuka ghorofa moja, anakwenda chumba kilichokuwa cha mwalimu, na kuwasha kitanda. Sasa kuna moto katika ghorofa mbili kwa wakati mmoja, na wa juu uko katikati ya bohari ya mbao kavu za karne mbili: makasha, vitanda, mapazia ya kufumwa. Ngazi ya mwaloni ikishapata moto inavuta hewa kutoka chini kwenda juu kama dohani. Pampu za moto ziko Millcote. Mtu apande farasi maili 6 kuita, kisha pampu za kukokotwa zirudi maili 6 hizohizo, gizani. Dereva aliyemleta Jane siku ya kwanza alikadiria saa moja na nusu kwa upande mmoja. Zilipofika, jumba lilikuwa ndimi za moto tu.

Rochester anapanda hadi darini kuwaamsha watumishi na kuwashusha. Hapa kuna kutopatana kidogo ambako hakusemwi sana: katika sura ya 11 Bi Fairfax alisema watumishi hulala vyumba vidogo vya nyuma, na katika sura ya 36 wanatolewa darini. Unaweza kusawazisha kwa kusema baada ya nyumba kupunguzwa watu walihamishwa, kwani Bi Fairfax alikuwa ameondolewa kwa posho ya maisha na Adèle amepelekwa shule. Naona ni rahisi zaidi kukubali kwamba mwandishi alihitaji Rochester apande juu iwezekanavyo. Akisha kuwatoa anarudi kwa ajili ya mkewe, ambaye amesimama juu ya paa, nyuma ya ule ukuta wa meno-meno, akipunga mikono na kupiga kelele zilizosikika maili nzima. Anamkaribia; Bertha anaruka. Rochester anashuka ngazi kuu nayo inaporomoka. Anatolewa akiwa hai, jicho moja limetoka, la pili halioni, mkono mmoja umepondwa hata Carter anaukata.

Kabla ya yote hayo, katika sura ya 27, Jane naye alitoka usiku. Alichukua ufunguo wa mlango wa pembeni kutoka jikoni, akatafuta kichupa cha mafuta na unyoya, akapaka ufunguo na kitasa visilie. Akachukua maji na mkate. Lango kuu lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, lakini kilango kidogo ndani yake kilikuwa kimerudishiwa tu. Soma tukio hilo sambamba na lile la funguo za mfukoni mwa Grace. Wanawake wawili wanatoka kwa siri usiku katika nyumba ya mtu mmoja, wote kwa ufunguo ambao hawakupewa, na wote wanalazimika kupita bila kumwamsha anayelinda. Mlango wa chumba cha Rochester Jane anaupita akimsikia akitembea huku na huko ndani. Kwangu hii ndiyo hoja ya riwaya nzima juu ya Thornfield, na haikusemwa kwa hotuba hata moja.

Wanaopenda kutafuta nyumba halisi wana tatu za kuanzia. North Lees Hall iko Hathersage, Derbyshire, ambako Charlotte alikaa wiki kadhaa mwaka 1845 na rafiki yake Ellen Nussey. Ina meno-meno ya ngome, na familia ya Eyre iliwahi kukaa humo, na jina hilo limo kanisani kijijini. Kabati la mitume linalohusishwa na familia hiyo lipo katika makumbusho ya Brontë, Haworth. Rydings, huko Birstall, ilikuwa nyumba ya akina Nussey. Na Norton Conyers, karibu na Ripon, Charlotte aliitembelea mwaka 1839 alipokuwa mwalimu wa watoto wa familia ya Sidgwick. Ina simulizi ya mwanamke mwendawazimu aliyefungiwa juu. Mwaka 2004 wenye nyumba waligundua ngazi iliyozibwa nyuma ya paneli za mbao, ikipanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi darini. Ushahidi huo unavutia, ila usiulazimishe: Thornfield imeshonwa kwa vipande vya nyumba kadhaa, na chumba kisicho na dirisha chenye milango miwili ni kazi ya kichwa cha mwandishi.

Usiisahau Ferndean Manor, nyumba nyingine ya Rochester. Iko maili 30 kutoka Thornfield, katikati ya msitu, nyumba ya kale ya wastani ambayo baba yake Rochester aliinunua kwa ajili ya uwindaji. Haikuwahi kupata mpangaji kwa sababu mahali hapo ni pabaya kwa afya. Rochester anamwambia Jane kwamba angeweza kumficha Bertha huko kwa usalama zaidi, ila dhamiri ilimkataza: kuta zile za unyevu zingemuua upesi. Baada ya moto anahamia huko yeye mwenyewe, na huko ndiko Jane anamkuta katika sura ya 37.